Kabla hujapanua nyonga, pima msamba

Suruali ya kwanza niliyojishonea ilikuwa ya kadeti, rangi ya maziwa, na niliivaa siku moja tu. Nikisimama inapendeza. Nikikaa kwenye daladala, kiuno cha nyuma kinashuka mpaka natamani ningevaa dera. Nikajiambia basi ni nyembamba, nikapanua pateni (karatasi ya kukatia kitambaa) inchi 2 nyongani na kushona nyingine. Hiyo ikawa gunia mapajani, na kiuno kikaendelea kushuka vilevile.

Kumbe upana haukuwa na kosa. Kilichopungua ni urefu wa mshono wa msamba, ule unaotoka kiunoni mbele, unapita katikati ya miguu na kupanda hadi kiunoni nyuma. Wengi wetu tumejaaliwa nyuma, na pateni hizi tunazopakua mtandaoni huchorwa kwa mwili wa wastani wa mtu mwingine. Makalio yakikosa kitambaa cha kuyazunguka, yanakivuta kutoka juu.

Kwa hiyo anza na kipimo hiki. Funga lastiki kiunoni, pale pale unapotaka suruali ikae. Chukua uzi mnene, uvishe pete, upitishe katikati ya miguu kutoka lastiki ya mbele hadi ya nyuma, bila kukaza. Pete itateleza yenyewe hadi chini kabisa. Weka alama hapo kwa kalamu, maana ndipo mbele inapoachana na nyuma. Pima uzi, mbele na nyuma, kisha pima mkunjo wa msamba kwenye pateni. Tepu usiilaze, isimamishe kwa ukingo wake, ndipo itaufuata mkunjo vizuri. Nafasi ya mshono usiihesabu. Mimi nilipata inchi 29 mwilini na 27 kwenye karatasi, na inchi 2 zote zilipungua nyuma. Mbele palikuwa sawa kabisa, nami nilikwisha kupapanua bure.

Sasa mkasi. Kwenye kipande cha nyuma, piga mstari wa kulala kutoka mshono wa katikati hadi mshono wa ubavuni, usawa wa makalio yalipojaa. Kata kuanzia katikati kuelekea ubavuni na uache uzi mwembamba wa karatasi usikatike. Fungua kama mlango: mimi nilifungua inchi 1 na robo katikati, ubavuni sifuri, nikaziba pengo kwa karatasi na selotepu. Robo tatu ya inchi iliyobaki niliiongeza kwenye ncha ya msamba, kuelekea paja la ndani, nikaipunguza polepole hadi ikaisha gotini. Ubavu haukubadilika urefu, kwa hiyo mbele na nyuma bado zinashonana bila kuvutana. Chora mkunjo upya kwa mkono mlaini, usiache kona.

Usikate kitambaa chako kizuri bado. Shona ya majaribio kwa marekani (kitambaa kilichobaki na jina la nchi yake tangu meli za huko zilipokuwa zikikileta Unguja), piga bandi tu (mishono mirefu ya muda), kiuno ukibane kwa pini. Halafu kaa, panda ngazi, chuchumaa kama unayenyanyua ndoo. Mikunjo inayotawanyika kutoka msambani kama masharubu ya paka maana yake hapo bado panabana. Ila mikunjo miwili mitatu laini chini ya makalio iache. Suruali iliyonyooka kabisa nyuma ukiwa umesimama haikupi nafasi ya kukaa.

Fundi wa jirani alinishauri njia ya mkato: “Dada, chonga msamba ushuke, utapumua.” Nikachonga inchi nzima. Nilishindwa kuruka mtaro! Msamba ukishuka mbali na mwili, kila ukinyanyua mguu unabeba suruali nzima, kama shati lenye kwapa la chini linavyopanda lote ukiinua mkono. Kuchonga kidogo, robo inchi, kunafaa pale ambapo mkunjo unakata mwili. Zaidi ya hapo ni kuharibu, na kilichokwisha kukatwa hakirudi.

Ukishamaliza nyuma, huenda kiuno kikaacha mwanya mgongoni. Usiubane wote kwenye mshono wa katikati, utaupindisha na mifuko ya nyuma itasogeleana kama inanong'onezana. Gawanya: kidogo katikati, kidogo ubavuni, kilichobaki kwenye vile vibano viwili vya kiunoni, yaani mikunjo iliyoshonwa kupunguza upana wa kiuno.

Pateni yangu nimeihamishia kwenye kadibodi, imeandikwa “nyuma +2”. Mdogo wangu aliiazima bila kuuliza maandishi hayo yana maana gani, akatoka na suruali inayoning'inia nyuma kama mfuko mtupu. Yeye hana makalio ya kuijaza. Tulikata mstari ule ule, ila safari hii badala ya kufungua tukapandanisha karatasi, nusu inchi, halafu nusu nyingine, mpaka mfuko ukaisha.