Jibu: Mazoezi ya nyumbani kwa mama aliyepata kiharusi (Kongwa)

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umeuliza mama aliyepata kiharusi afanye mazoezi gani nyumbani huko Kongwa kati ya kliniki moja na nyingine, kwa kuwa mguu wa kushoto bado ni dhaifu.

Anzeni na kuinuka kitini. Kiti kiwe kigumu, kimo cha sentimita 45 hadi 50, kiegemee ukuta. Kigoda ni kifupi mno. Nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asimame. Mara 5, apumzike, mizunguko 3. Wengi huegemea mguu mzima tu, ule mbovu ukabaki pambo. Mguu mzima usogezwe mbele kidogo, wa kushoto utalazimika kubeba uzito.

Msaidizi asimame upande wa kushoto wa mama, amshike kiunoni (mfungeni kanga imara). Msimvute kwa mkono uliopooza! Misuli ya bega imelegea, kiungo huteguka kirahisi, na maumivu yake hukwamisha mazoezi mengine yote.

Fanyeni asubuhi kabla jua halijawa kali, dawa za presha akiwa amekunywa. Akiumwa kifua au kichwa ghafla, acheni, mkimbizeni hospitali.