Kupeleka maji ya kisima maabara: usiende na chupa ya dukani

Ndugu mleta uzi, umesema umemaliza kuchimba kisima huko Usa River, fundi kakwambia "peleka maji yakapimwe", na unauliza kama chupa ya maji ya dukani iliyooshwa vizuri inatosha. Wengi wamekujibu kwamba inatosha. Mimi nakuomba usubiri kidogo, maana chupa ya namna hiyo ilinipotezea miezi minne, na muda wote huo wanangu walikuwa wanakunywa maji yaleyale.

Kisima chetu kipo upande huohuo wa mlima Meru, Arusha. Maji yalitoka safi, hayana harufu, tukafurahi. Ijumaa jioni nikajaza chupa ya lita moja na nusu, nikaiacha kwenye gari, Jumatatu nikaipeleka maabara moja mjini. Hakuna aliyeniuliza maji yamechotwa lini. Kwenye fomu nikaweka tiki kwenye bakteria peke yake, kwa sababu akilini mwangu maji mabaya yalikuwa maji yenye vijidudu. Majibu yakaja: kolifomu, yaani bakteria wanaoashiria kwamba uchafu umeingia majini, nyingi mno. Tukamwaga klorini kisimani, tukaanza kuchemsha maji asubuhi na jioni, kuni na gesi zikawa haziishi kununuliwa.

Baadaye nikapeleka tena, safari hii maabara nyingine. Mama aliyekuwa mapokezi akaishika chupa yangu, akauliza: imechotwa saa ngapi, imekaa wapi, na mnataka kujua nini kuhusu maji haya? Nilipomjibu, akaikataa. Niliumia, nilikuwa nimetoka mbali. Lakini alinikalisha akanieleza kwamba bakteria ni viumbe hai. Ndani ya chupa yenye joto wengine huzaliana na wengine hufa, kwa hiyo namba inayotoka inakuwa ya chupa, si ya kisima. Kisha akauliza, "Na floraidi mmepima?" Sikuwa nimepima, wala sikujua kwamba ni madini ya asili yanayotoka kwenye miamba na kuharibu meno yakizidi. Akasema kwa kisima cha Meru hilo ndilo linalotangulia.

Nikarudi na sampuli zilizochukuliwa sawasawa. Bakteria sifuri kwa mililita 100. Floraidi miligramu 4.8 kwa lita, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Na floraidi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani na kuzidi kukolea. Mtoto wetu mdogo alikuwa na miaka mitatu, umri ambao meno ya utu uzima yanajijenga ndani ya fizi. Wenyeji wa Arusha mnajua meno ya kahawia yanavyoanza. Kuhusu wale bakteria wa mwanzo, kwa kuwa tulishamwaga klorini, sitajua kamwe kama walikuwamo kweli. Sampuli ya siku ya kwanza ikiharibika huwezi kuirudia.

Kwa hiyo kabla ya kuchota, nenda maabara mikono mitupu. Waambie kisima kipo wapi, kina urefu gani, jirani kuna nini: choo, zizi, shamba linalowekwa mbolea, gereji. Hayo ndiyo yanayoamua upime nini. Choo na mbolea vinakutaka upime naitreti, kemikali inayotoka humo na kupenya hadi kisimani. Meru inakutaka upime floraidi. Anayechimba karibu na machimbo ya dhahabu kule Geita au Mara asiache kupima aseniki, sumu inayotoka kwenye miamba. Usitake kupima kila kitu, gharama itakuumiza bure, lakini usiwaachie maabara wakuchagulie bila kujua unakotoka.

Watakupa chupa zao, na si za aina moja. Ya bakteria imeshauliwa vijidudu vyote na kufungwa. Usiisuuze, usiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko, usiweke kifuniko chini, na usiijaze hadi juu. Kama maji yana klorini, chupa hiyo inakuwa na dawa ya kuizima ili isiendelee kuua bakteria njiani, ndiyo maana ukiisuuza umeharibu kazi. Ya floraidi iwe ya plastiki, si ya kioo. Ya madini kama chuma na aseniki hutiwa asidi kidogo, la sivyo madini yanaganda kwenye kuta za chupa na majibu yanashuka kuliko ukweli. Asidi hiyo waachie wao waitie, inaunguza.

Siku ya kuchota usichote kwenye simtanki. Chota kwenye bomba lililo karibu kabisa na pampu, na uiache pampu ifanye kazi kwanza mpaka maji yaliyolala kwenye mabomba yaishe. Kama koki ni ya chuma, ipitishie moto. Ya plastiki ifute kwa spiriti. Fungulia maji taratibu yasirukeruke. Kisima kipya kikishawekwa klorini, subiri mpaka iishe kabisa, vinginevyo utapata sifuri ya uongo.

Andika kwenye mwili wa chupa, si kwenye kifuniko, kwa kalamu isiyofutika: mahali, tarehe, saa, jina la aliyechota. Vifuniko hubadilishana mezani. Ziweke chupa kwenye deli lenye barafu, ndani ya mfuko uliofungwa ili maji ya barafu yasipenye, na zisigande. Sampuli ya bakteria ifike ndani ya saa 6 ukiweza, na isizidi 24. Nenda Jumatatu au Jumanne asubuhi. Bakteria huoteshwa kwa siku nzima au zaidi kabla ya kuhesabiwa, hivyo anayefika Ijumaa mchana anawapa kazi ambayo mtu lazima aje kuisoma wikiendi.

Mnaouliza kuhusu cheti cha ithibati, yaani uthibitisho kwamba maabara inajua kupima sawasawa: waombeni orodha ya vipimo vilivyomo kwenye cheti. Ithibati hutolewa kwa kipimo kimojakimoja, si kwa jengo, na maabara inaweza kuwa nayo kwa floraidi bila kuwa nayo kwa aseniki. Uliza pia kipimo chao kinaona mpaka kiwango gani cha chini. Kikomo cha aseniki ni miligramu 0.01 kwa lita. Kama mashine yao haioni chini ya 0.05, neno "haikuonekana" halijakwambia kitu.

Na kwa yule ndugu mwenye ugomvi na kiwanda kinachomwaga maji mtoni: wewe usichote peke yako. Kila mkono unaopokea chupa hiyo usaini na kuandika saa, kuanzia mtoni mpaka benchi la maabara. Saini moja ikikosekana, upande wa pili utauliza chupa ilikuwa kwa nani usiku ule, na utakosa jibu.

Sisi sasa maji ya kunywa na kupikia tunachuja kwa mkaa wa mifupa, utaalamu uliofanyiwa kazi miaka mingi pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto, na tunayapima tena kila baada ya muda kwa sababu mkaa huchoka. Magadi tumeyatoa jikoni, nayo yana floraidi. Majibu yako yakitoka, yaweke hapa pamoja na kina cha kisima na saa uliyochota, tuyasome pamoja.