Kabla ya Kununua Pedeli, Liulize Goti Lako

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Kaka, niliwahi kuvunjika kifundo cha mguu miaka mingi iliyopita. Nataka kuanza kutumia pedeli za kunasa kama wenzangu. Ninunue zipi?"

Anasema zile pedeli za baiskeli zinazokishika kiatu hadi ukisokote kisigino ndipo kiachie. Nilidhani nitamjibu kwa mistari mitatu. Usiku ukanikuta bado naandika. Hayo maneno mawili, "kama wenzangu", ndiyo yaliyoniponza mimi.

Goti langu la kulia niliumia kwenye mpira, ujanani. Likapona, maana natembea, napanda ngazi, ukiniona hujui lolote. Nilipoanza baiskeli kwa dhati nilitumia pedeli bapa zenye vijipini vinavyoshika soli, na sikuwa na shida nazo. Wenye shida walikuwa wenzangu. "Hizo pedeli za watoto utazitoa lini?" Nilipowaambia habari za goti wakanitajia Hinault, bingwa wa baiskeli wa Ufaransa: alipasuliwa goti 1983, na 1985 akashinda Tour de France kwa pedeli za kunasa za kampuni ya Look. Kweli kabisa. Ila lile lilikuwa goti la Hinault.

Basi nikanunua. Muuzaji akanipa za Shimano za barabarani pamoja na kliti, vile vidude vya plastiki vinavyofungwa chini ya soli na kunaswa na pedeli. Zilikuwa nyekundu, nami nikazipenda kwa wekundu wake. Hakuniambia kwamba hapo rangi ina maana: nyekundu imekaza, digrii 0, bluu digrii 2, njano digrii 6. Hizo digrii ndizo nafasi kinayopewa kisigino kucheza huku na huku kabla kiatu hakijaanza kunasuka. Na usije ukakariri ukajiona umemaliza, kwa sababu kwenye kliti za Look Keo nyekundu ndiyo huru kuliko zote, digrii 9, na iliyokaza ni nyeusi.

Wiki ya tatu goti likaanza kuuma upande wa ndani. "Utazoea," wakasema. Siku moja nikafunga breki, nikataka kuteremsha mguu, goti likagoma. Baiskeli imesimama kabisa, mimi nalala upande taratibu kama gunia, watu wanatazama. Walicheka. Sijasahau nani alicheka.

Mtaalamu wa viungo hakunigusa hata goti kwanza. Alinikalisha ukingoni mwa meza, miguu ining'inie, akaniambia nitazame chini. Mguu wa kushoto ulikuwa unaelekeza saa sita. Wa kulia ulikuwa unaelekea saa saba. "Mguu huu umekuwa ukitazama huko miaka yote," akasema, "wewe unaulazimisha utazame mbele." Ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika, ni mara 4,800 kwa saa. Tena ili unasuke lazima upeleke kisigino nje, maana yake vidole vinaingia ndani, kule kule goti langu lisikotaka kwenda.

Tukaizungusha kliti kidogo ifuate mguu, nikabadilisha nyekundu kwa njano, maumivu yakapungua hadi nikayasahau. Kidude cha plastiki tu! Miezi niliyopoteza hakuna wa kunirudishia.

Sasa dada yangu, kwako wewe. Simama, kanyaga kwa mbele ya unyayo, zungusha kisigino nje kana kwamba unazima kitu chini. Kifundo kikiuma, chukua pedeli bapa pana, usimwombe mtu radhi. Kisipouma na bado unazitaka za kunasa, anza na SPD, pedeli za Shimano za baiskeli za milimani: zinanasa pande zote mbili, na springi yake inayoshika kliti unailegeza kwa spana ndogo. Omba kliti ya SH56, inayoachia mguu kwa njia nyingi zaidi kuliko SH51, ambayo inataka ukisokote kisigino pembeni tu. Irudishe nyuma kidogo kwenye kiatu, kifundo kisibebe mzigo mkubwa. Ufanye mazoezi ya kunasuka ukiwa umeegemea ukuta, si barabarani.

Na ukibadilisha pedeli mwenyewe, ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume. Nimeona watu wazima wakiining'inia spana kwa hasira.

Vijana nanyi, acheni kununua vitu kwa macho ya wenzenu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hao wanaokucheka hawajalala na goti lako hata usiku mmoja. Maumivu mapya kwenye jeraha la zamani si uvivu. Usiyazoee. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ama kliti ama urefu wa kiti, la sivyo hutajua kipi kimekuponya.

Dada kanijibu leo. Kajaribu, kisigino kimekataa nusu njia, anachukua pedeli bapa. Kauliza tu kama zipo za zambarau.

Zipo.