Kabla hamjapanda Coaster ya misheni

Bwana Yesu asifiwe, wadogo zangu.

Juzi nilikaa viti vya nyuma kwenye kikao chenu cha maandalizi ya misheni ya Kongwa, kule Dodoma, nikanyamaza kama walezi tunavyotakiwa. Lakini aliposimama ndugu mmoja akasema "tunaenda kuwatia moyo, maana wale watu hawana kitu", na ukumbi mzima ukaitikia amina, shingo ilinipata moto. Maneno hayo niliyasema mimi mwaka 2011, tena kwenye kipaza sauti. Kwa hiyo mnivumilie.

1. Maji. Mwezi wa nane makorongo yamekauka, akina mama wanafukua mchanga ndiyo wayapate. Ndoo ya lita 20 wanaoga watu watatu, si dada mmoja na nywele zake. Nimemaliza.

2. Chakula. Ni ugali wa uwele na mlenda. Luka 10 mnaikariri kwa ajili ya "mavuno ni mengi", ila pale chini Yesu anapowaagiza wale sabini wale watakachowekewa na wasihamehame nyumba, mnaparuka, kisha usiku nasikia pakiti za biskuti zinachakacha. Mlenda una ufundi wake: tonge dogo, zungusha mkono, kata ule uzi kabla haujakufikia kidevuni. Mimi siku ya kwanza uzi ulitoka bakulini ukaishia kwenye kiwiko. Bibi mwenyeji wetu alicheka mpaka akashika nguzo ya tembe, nyumba yake ya udongo. Akaita mjukuu aje aone, mjukuu akaita jirani. Nilikuwa nimebeba mahubiri matano yaliyochapwa, na hakuna hata moja lililonifungulia mlango kama ule mlenda.

3. Hapa ndipo penye kidonda.

Kule mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Ikikatika, mwaka umekatika. Mwaka ule kwa bibi ilikatika mapema. Nilichungulia kihenge chake (hakuna aliyenituma) nikakuta uwele umebaki chini ya kiuno changu. Nilikuwa nasoma uhasibu, mwaka wa pili, kwa hiyo nikapiga hesabu palepale: hafiki Krismasi.

Jumapili ikawa ibada ya kufunga misheni. Asubuhi nilifundisha 2 Wakorintho 8, wale Wamakedonia waliokuwa maskini na bado wakamsihi Paulo awape nafasi ya kutoa. Nilifundisha vizuri, hata kama najisifu mwenyewe. Ikaja sadaka ya vitu: mayai, karanga, ubuyu, uwele kwenye vikapu. Zeze likalia, foleni ikaanza kucheza kwenda mbele. Bibi naye yumo, tetea mwekundu kwapani, miguu imefungwa kwa kipande cha khanga kuukuu. Alienda mbele hatua tatu, akarudi mbili, akaenda tena, kama mtu asiyetaka njia iishe. Mimi sijawahi kutoa sadaka hivyo hata wiki boom, ile pesa ya mkopo wa chuo, limeingia.

Kwenye mnada wa sadaka hizo nikapandisha bei mpaka nikampata yule tetea kwa shilingi 10,000. Ningeishia hapo. Badala yake nikamwomba mnadishaji kipaza sauti, nikasema: "Wapendwa, mama huyu hana kitu. Kihenge chake nimekiona. Kuku huyu namrudishia, akale na wajukuu wake."

Wenzangu wakapiga makofi, mmoja akatoa machozi. Wenyeji hawakupiga. Bibi akaja, akampokea kuku kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama adabu inavyotaka, akarudi kukaa mkekani. Ibada ilikuwa imebakiza kama dakika 40, na muda wote huo alikuwa na yule kuku mapajani, akimlaza manyoya ya shingo, hainui uso. Nyimbo za mwisho hakuimba.

Usiku chakula kililetwa na mjukuu. Bibi anaumwa kichwa, akasema. Mzee mmoja wa kanisa akanivuta pembeni, hata sauti hakupandisha: "Kijana, hapa yule mama ndiye huwa wa kwanza kutoa. Wewe leo umemtangaza kuwa wa kwanza kukosa."

Kesho yake alfajiri nikaenda kuomba radhi, nimejipanga na mistari yangu. Bibi alikuwa anapepeta. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akauliza, "Kwenu wewe hawakupi?" Nikasema wananipa. "Na wewe huwa unawarudishia?" Halafu akaniwekea karanga mkononi, akangoja nile.

Kwa hiyo ile sentensi ya ripoti, "hawana kitu lakini wana furaha", ifuteni kabisa. Njaa haimfurahishi mtu. Bibi yule alilalamika kutwa: nyonga, mbuzi wa jirani, walanguzi wanaochukua uwele kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno. Someni mwisho wa Habakuki 3 polepole. Anaanza kwa kuorodhesha kila kilichokosekana, mpaka zizi lisilo na ng'ombe, ndipo anasema atamfurahia Bwana. Bibi alikuwa na hiyo orodha kichwani, akacheza nayo mpaka madhabahuni. Mimi nilimsomea orodha yake mbele za watu nikamnyang'anya ngoma.

4. Vyombo vya muziki. Petroli ya jenereta inunuliwe Kibaigwa. Mkifika kijijini msianze kumsumbua mchungaji.

5. Takwimu. Mikono inayonyooshwa wakati wa sala ya toba msiijumlishe ya siku zote. Mwaka ule kuna mtoto mmoja aliokoka siku tano mfululizo, na katibu wetu alimhesabu mara zote tano.

6. Salamu ya Kigogo ni "mbukwenyi". Picha za watoto wenye makamasi, acheni.

7. Mkipewa, pokeeni. Mwaka 2012 nilirudi, na bibi akanikabidhi jogoo, akasimama mbele yangu kuhakikisha naondoka naye. Lakini mfungeni miguu wenyewe, msimwachie konda. Wangu alifunguka ndani ya Coaster tulipofika Gairo, akatua kichwani kwa mweka hazina.