Kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma mwenyewe

Kaka, kuyahamisha hapo kwako mtaani Kisasa bila fundi inawezekana, ila shughuli ipo kwenye jeki. Udongo wetu wa Dodoma ni kichanga, jeki inazama taratibu gari likiwa juu. Iwekee ubao mnene chini, au tafuta sakafu ya zege. Legeza nati kidogo kabla hujainua. Ukiinua nyuma, handibreki haikusaidii kitu (kwa magari mengi inashika magurudumu ya nyuma tu), kwa hiyo weka mawe mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini. Gari likae kwenye stendi (vyuma vya kulishikilia likiwa juu), si jeki tupu. Tairi lenye mshale ubavuni (unaonyesha linakozungukia) lisitolewe kushoto kwenda kulia wala kulia kwenda kushoto. Nati kaza kwa mtindo wa msalaba (moja, kisha inayoikabili upande wa pili), umalizie gari likishashuka, na uzikaze tena baada ya kilomita kama 80. Upepo nao upime upya.