Barua kwa mwanangu: Kanisa kabla ya Konstantino

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha ya kupata habari zako, na mara ya pili kwa ajili ya swali lako. Unasema mwenzako wa chumbani hapo chuoni, Mkristo wa kanisa jingine, amekuambia kwamba Kanisa Katoliki lilianzishwa na Kaisari Konstantino mwaka 325 katika Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, na kwamba Wakristo wa mwanzo hawakuijua Misa wala Papa, nawe ukakosa la kumjibu. Umefanya vyema kuniuliza.

Nitaanza na bibi yako. Alipokuwa hawezi tena kutembea mpaka Minara Miwili, kanisa kuu letu la Zanzibar, padri alimletea Komunyo nyumbani kwetu mtaa wa Malindi baada ya Misa ya Jumapili, nami, kijana wa miaka kumi na mmoja, nilitangulia na mshumaa vichochoroni, nikiukinga kwa kiganja upepo usiuzime. Majirani zetu Waislamu waliokuwa barazani walinyamaza mpaka tukapita, kwa heshima ambayo sijaisahau. Padri alifungua kikopo kidogo alichokining'iniza kifuani, na bibi yako akaitikia "Amina" kwa sauti aliyobakiwa nayo.

Nilikuwa mtu mzima niliposoma maandishi ya Yustino Mfiadini, aliyeandika huko Roma karibu na mwaka 155. Anaeleza kwamba siku ya Jumapili waamini hukusanyika mahali pamoja, zikasomwa kumbukumbu za Mitume au maandiko ya manabii, kiongozi akawaonya, wakasali pamoja, ukaletwa mkate, divai na maji, kiongozi akashukuru, watu wote wakaitikia Amina, kisha mashemasi wakawapelekea wasiokuwepo. Hao wasiokuwepo niliwajua mara moja, kwa kuwa mmoja wao alikuwa mama yangu. Basi Yustino aliandika hayo miaka 170 kabla ya Nisea, wakati ambapo dola ya Kirumi ilikuwa bado ikiwaua Wakristo, naye mwenyewe iliishia kumuua.

Hata jina lenyewe ni la zamani kuliko Konstantino. Ignasi, askofu wa Antiokia, mji ule ambao Matendo ya Mitume yanasema wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, aliwaandikia Wakristo wa Smirna mwanzoni mwa karne ya 2, akiwa anapelekwa Roma kuuawa, na humo analitaja "Kanisa katoliki", yaani la watu wote, na kuwalaumu wanaokataa kuwa Ekaristi, ule mkate wa Misa, ni mwili wa Mwokozi. Wenzetu Waanglikana wa Mkunazini nao hulikiri Kanisa katoliki katika Kanuni ya Imani, maana neno hilo halikuwa jina la dhehebu.

Konstantino alifanya makubwa, lakini si hilo. Mwaka 313 aliwapa Wakristo uhuru wa kuabudu, na mwaka 325 akawaita maaskofu Nisea kwa sababu ya ugomvi juu ya Ario, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Yeye mwenyewe alibatizwa mwaka 337 alipokuwa anakaribia kufa, na askofu aliyembatiza alikuwa miongoni mwa waliomwunga mkono Ario. Mwanzilishi gani huyo? Dini ya dola ilikuja baadaye, mwaka 380, chini ya Kaisari Theodosio. Na wale wanaosema vitabu vya Agano Jipya vilichaguliwa Nisea, waambie kwamba kanuni 20 za mtaguso huo hazina hata moja juu ya orodha ya vitabu. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 hivi hivi bila kuzidi ni ya Athanasi, askofu wa Aleksandria, mwaka 367.

Juu ya Papa, yaani askofu wa Roma, hata hivyo, usimjibu mwenzako kwa haraka, kwa sababu hapo ana hoja. Barua inayoitwa ya Klementi, tunayemhesabu miongoni mwa Mapapa wa kwanza, kutoka Roma kwenda Korintho, ya mwishoni mwa karne ya 1, inasema kwa jina la kanisa zima la Roma, wala mwandishi hajitaji. Na Ignasi, anayewataja maaskofu karibu kila barua, hamtaji askofu yeyote anapowaandikia Warumi. Kwa hiyo wanahistoria wengi, Wakatoliki wakiwamo, wanaona kwamba Roma iliongozwa kwanza na baraza la wazee. Askofu Ireneo, karibu na mwaka 180, ndiye anayetupa orodha ya maaskofu wa Roma tangu Lino, anayemtaja kuwa wa kwanza baada ya Mitume. Waorthodoksi mpaka leo wanampa askofu wa Roma heshima ya kwanza, lakini si mamlaka juu ya wote, na sisi wenyewe tulitangaza fundisho la Papa kutokosea mwaka 1870 tu. Mimi naamini kwamba mamlaka hiyo ilikua kutoka kwenye mbegu aliyoipanda Bwana kwa Petro, kama mkarafuu unavyotoka kwenye mche usiofanana nao. Lakini hiyo ni imani yangu juu ya ushahidi, na mwenzako anaweza kuusoma ushahidi ule ule akaona vingine bila kuwa mwongo.

Barua ya Ignasi kwa Wasmirna ni fupi. Isomeni pamoja kwa sauti mpaka sura ya 8, kisha niandikie amesema nini.

Ni mimi babako