Friji Ikiwaka, Kompyuta Inazima

SWALI: Salaam, mafundi. Kompyuta yangu ya mezani na friji vinatumia ekstensheni moja. Friji ikianza kunguruma, kompyuta inajizima na kujiwasha. Siku nyingine haizimi, ila kioo kinakuwa cheusi sekunde moja kisha kinarudi. Nimeshauriwa kununua stebilaiza. Ninunue? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Usitoe hela bado. Hapo una matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Kompyuta kujizima ni umeme kushuka. Kompresa ya friji inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa muda usiofika hata sekunde. Waya wa ekstensheni ukiwa mwembamba, volti hupotelea njiani. Pawa saplai nzima ya kompyuta (kisanduku cha ndani kinachoilisha umeme) hustahimili kukosa umeme kama milisekunde 16 tu ikiwa imebeba mzigo wake wote, na ile iliyochakaa yenye kapasita (vijipipa vinavyohifadhi umeme) zilizovimba huanguka mapema zaidi. Ndiyo maana kompyuta ya jirani inaweza kupeta kwenye umeme uleule.

Hamishia friji kwenye soketi ya ukutani, ikiwezekana ya chumba kingine. Ukishaichomoa, iache dakika 5 kabla ya kuichomeka tena ili presha ya gesi itulie, la sivyo kompresa itaanza kwa taabu. Tatizo likiisha, ekstensheni ndiyo iliyokuwa mchawi.

Lisipoisha, chukua multimita, iweke kwenye volti za AC, renji inayozidi 250, upime kati ya faza (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudishia) huku friji ikianza. Kushuka kutoka 230 hadi 222 si neno. Ikishuka chini ya 200, kuna waya mwembamba au skrubu iliyolegea, tena multimita ya kawaida huchelewa kusoma, hivyo mshuko wenyewe ni mkubwa kuliko unaousoma. Soketi yenye joto au plagi yenye pini iliyoungua inakuonyesha pa kuanzia: mwite fundi azime meni swichi, akaze viungo, na aangalie kama soketi zimefungwa waya wa milimita za mraba 2.5 au zimebebeshwa ule wa 1.5 wa taa. Kama umeme ni mdogo nyumba nzima na kwa majirani pia, hiyo ni kazi ya TANESCO.

Stebilaiza nyingi za madukani hubadilisha volti kwa relei, yaani swichi ya sumaku. Mpaka usikie ile “tak”, kompyuta imeshazima. Kinachokufaa ni UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ule wa ukutani ukiyumba. Ya VA 650 inatosha kompyuta ya kawaida ya ofisini na kioo chake. Friji usiichomeke humo, wala printa ya leza, kwa sababu hita yake huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Kioo kuwa cheusi huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi ni habari nyingine. Swichi ya friji ikiwasha au kuzima mota hutoa cheche, na kelele yake ya umeme huingia kwenye kebo ya HDMI, ile inayopeleka picha kwenye kioo. Tumia kebo nzuri isiyozidi mita 2, itenganishe na waya wa friji, kisha bana pete ya feraiti (kidude cheusi kinachomeza kelele ya umeme) karibu na kila ncha. Pete iliyolegea kwenye kebo haisaidii sana.

SWALI: Nikigusa kasha la kompyuta nikiwa peku, napigwa shoti ndogo. (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Erthi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, haipo. Kichujio cha pawa saplai kina kapasita mbili zinazoelekea kwenye kasha, na bila erthi kasha hukaa na karibu nusu ya volti za laini, yaani kama 115. Mkondo wake ni mdogo, lakini unaweza kuunguza poti unapochomeka kebo ya kioo. Anza na adapta: zile za pini mbili hukata erthi. Kisha pima faza na erthi, isome karibu 230. Nyutro na erthi, volti chache tu. Isiposoma hivyo, fundi akague erthi rodi na waya wake. Usikubali mtu aunganishe erthi na nyutro ndani ya soketi: nyutro ikikatika, kasha lote litakuwa na umeme kamili.

SWALI: Maikrowevu ikiwaka, Wai-Fai inakatika. (Msomaji, Sinza)

JIBU: Zote mbili ziko kwenye gigahezi 2.4. Hamisha vifaa vyako kwenye bendi ya 5 ya ruta, ukijua kuwa bendi hiyo haipiti vizuri kwenye kuta za tofali. Na kama mausi isiyo na waya nayo inarukaruka, usiilaumu maikrowevu kabla hujaangalia diski ya nje ya USB 3: nayo hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Kipokezi cha mausi kiwekwe mbali nayo, kwa kebo fupi ya USB.